Inspekta Niliyekutafsiria

Mwaitu mpendwa,

Kwa niaba ya familia yote ya Kimbo, wale wa Matuu, wale wa Kahawa Sukari waliojenga ghorofa wakatusahau, pamoja na jamaa na marafiki popote walipo, nachukua nafasi hii kwa unyenyekevu mkubwa kukutangazia kwamba Inspekta Harbin amestaafu. Amestaafu Jumapili iliyopita, jioni jua likiwa bado liko, hapa sebuleni kwetu, mbele ya mashahidi watatu na sahani moja ya viazi vitamu. Amepewa saa ya ukutani na wenzake. Mbwa wake yu mzima. Hakuna mipango ya mazishi kwa sababu hakufa, ingawa kwa jinsi msimu wa nne ulivyokuwa, heri angekufa katika ule wa pili.

Najua ungesema, "Baba Wairimu, wacha mchezo. Sema kilichokuleta."

Kilichonileta ni jicho lako la kushoto. Inspekta ni kisingizio tu, kama mtu anavyopita kwa jirani kuomba chumvi huku ana maneno mengine moyoni. Lakini unanijua. Mimi siwezi kwenda moja kwa moja hata choo kikiwa mbele yangu. Niache nipitie kwa Inspekta, nitafika.

Wairimu ndiye aliyemfukua. Yule mtoto uliyekuwa ukimfunga mgongoni sasa ana miaka thelathini na kitu, na simu yake inajua kila kitu isipokuwa kutupigia. Alikuta misimu yote minne ya mchezo wake kwenye mtandao, akaiunganisha na televisheni, na kwa wiki kadhaa tukaketi kila Jumapili alasiri, mimi, yeye na Mwende binti yako, tukimtazama Harbin kwa rangi. Kumbe koti lake lilikuwa la kijani. Miaka yote ile nilikuwa nimekuambia ni jeusi, kwa sababu kwenye televisheni yetu kila kitu kilikuwa cheusi, ama cheupe, ama chenga.

Unaikumbuka ile televisheni. Inchi kumi na nne, ya betri ya gari, na antena juu ya mlingoti uliopinda kuelekea Ruiru kana kwamba unataka kwenda sokoni. Ulikuja kwetu mwanzoni mwa miaka ya tisini, macho yakiwa yamekuishia. Ulisema unaona kama mtu aliyeamka ndani ya jiko lenye moshi. Mwende akasema, mama atakaa na sisi hadi atibiwe. Mimi nikasema ndiyo, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikashika kichwa.

Maana nyumba ilikuwa vyumba viwili, na wewe ninayekuita Mwaitu, mama kwa Kikamba chenu, ulikuwa mama mkwe wangu. Kwenu Ukambani mnaiita nthoni, kwetu Ukikuyuni ni thoni, na kokote ni kitu kilekile: mimi na wewe hatukupaswa kulala chini ya bati moja, wala kula tukitazamana, wala kukaribiana hata njiani. Mama Shiro wa nyumba ya pili akakupa kitanda cha kulala. Mchana ulikuja kwetu, na Mwende akagawanya sebule kwa pazia la maua. Upande mmoja wewe, kiti chako na kiondo ulichokuwa ukikisuka kwa vidole tu. Upande wa pili mimi, televisheni na aibu yangu.

Hata safari ya kwenda kwa daktari wa macho, Thika, ilikuwa sarakasi. Mwende alinyimwa ruhusa kule kiwanda cha matunda, kwa hivyo tulikwenda wawili. Ulitangulia mbele na fimbo yako, mimi hatua kumi nyuma, kwa heshima. Sasa mtu asiyeona akitangulia, anayeona ataelekezaje? Tulikubaliana nikohoe: mara moja, kulia, mara mbili, kushoto. Tulipofika mlangoni kwa daktari nilikuwa nimekohoa hadi nesi akanipeleka kwenye foleni ya kifua.

Daktari alikuwa kijana wa rika langu, mpole, na alizungumza Kiingereza. Alituambia jicho la kulia lina mtoto wa jicho, linaweza kupasuliwa likaona tena. La kushoto lilikuwa na presha ndani, na hilo alilizungumzia zaidi. Mimi, mwalimu wa Kiingereza wa darasa la sita, shule ya upande wa Mugutha, nikakutafsiria. Hapo tutarudi. Uliposikia neno kukatwa ulisema, "Mimi sikatwi jicho nikiwa hai. Nikifa wakate wanavyotaka." Tukarudi Kimbo nikikohoa.

Jumapili iliyofuata ndipo Inspekta alipoanza. Mwende alikuwa zamu, mtoto amelala. Nilikuwa nimepunguza sauti nisikusumbue, ukasema kutoka nyuma ya pazia:

"Baba Wairimu, huyo anayelia ni nani?"

"Ni mama mmoja, Mwaitu. Bwanake ameanguka kisimani."

"Ameanguka ama ameangushwa?"

Hapo ndipo nilipojua nina mwenzangu. Nikaongeza sauti, nikageuza kiti, nikaanza kukutafsiria. Bwana tajiri amekutwa kisimani. Mjane wake, yule wa kofia, hajulikani alikuwa wapi. Inspekta Harbin ametumwa kutoka mjini. Ukauliza kisima kina mfuniko ama hakina, na nani alizoea kuteka maji, na kama marehemu alikuwa na ndugu. Maswali ambayo Inspekta mwenyewe aliyafikia wiki ya tatu.

Wiki ya nne likatokea lililotokea. Inspekta na yule mjane walikuwa jikoni wakiongea juu ya kinga za mikono zilizopotea, mara wakanyamaza. Wakakaribiana. Mwaitu, wakabusiana, tena si kwa haraka.

Kiondo chako kikaacha kusukwa. "Mbona wamenyamaza?"

Mwanamume atamwambiaje mama wa mke wake maneno kama hayo, hata kuwe na pazia, hata kuwe na ukuta wa mawe? Nikatazama juu, nikatazama chini, nikaona kalenda ya ushirika wa kahawa yenye picha ya shamba.

"Wanapima mpaka," nikasema.

"Mpaka wa nini?"

"Wa shamba. Shamba la inspekta limepakana na la huyu mama."

"Sasa kupima mpaka ni kimya hivyo?"

"Wanahesabu hatua, Mwaitu."

Ukafikiri kidogo. "Huyo mama asikubali kupimiwa bila shahidi," ukasema, na vidole vikarudi kazini.

Basi uongo ukiuingiza nyumbani hauondoki siku ya pili. Kila walipobusiana, mpaka ulipimwa. Siku walipofunga mlango wa chumba, nilisema wamekwenda kutafuta ramani. Siku yule mjane alipomlilia Inspekta asimwache, nilisema anaomba wamngoje mpima wa serikali. Nawe ukawa upande wake kabisa, kwa sababu wewe pia ulikuwa mjane, jambo ambalo mimi kwa akili zangu ndogo sikuwa nimelipima. Ndipo ukanieleza, pazia kati yetu, jinsi shemeji yako alivyong'oa mikonge ya mpaka wiki tatu baada ya kumzika mzee, akaipanda hatua tisa ndani ya shamba lako, na jinsi ulivyokwenda peke yako mchana kweupe ukairudisha mmoja mmoja, huku yeye akikutazama na panga mkononi. Mwende hajawahi kunisimulia hayo. Aliniambia baadaye kwamba hata yeye hakuwahi kuyasikia. Nilikuwa nimeshika bilauri ya chai, ikapoa.

Sasa nikuambie habari ya mchezo wenyewe, maana nimeutazama upya nikiwa na miwani na mvi. Msimu wa kwanza bado uko imara, Mwaitu. Uko imara kuliko nyumba tulizojengewa Kimbo. Na sababu ni ile uliyoiona wewe usiyeona. Unakumbuka wiki ya sita? Wakili wa familia aliingia sebuleni, yule mpole aliyempelekea mjane maua.

Ukasema, "Huyo ndiye."

"Mwaitu, huyo ni wakili. Ni mtu mzuri."

"Mzuri wa wapi? Sikiza mguu. Kiatu kimoja kinalia. Ndicho kilicholia pale kisimani siku ya kwanza."

Nilikubishia wiki saba. Wiki ya kumi na tatu wakili akafungwa pingu, nawe hukusema kitu, ulicheka tu puani. Juzi Wairimu alirudisha nyuma ile picha ya kwanza. Kwenye kioo unaona kisima, ukungu na ndege wanaoruka; macho yote yanafuata ndege. Kiatu kinalia chini kabisa, mara mbili. Wairimu aliirudia tena, kisha akaniuliza juu yako, nyanya yake, "Cucu alisikia hii kwa TV ya betri?" Nikamwambia ndiyo. Ule msimu ulitungwa na mtu mwenye masikio.

Wa pili ulianza Jumapili iliyofuata, bila kupumzika, kwa sababu nadhani stesheni ilikuwa imenunua mzigo mzima. Huo unachechemea. Inspekta anaficha zile kinga za mikono ili mpenzi wake asishukiwe, kisha anazunguka vipindi vinane akijionea huruma. Lakini katika tafsiri yangu, niruhusu nijisifu, mambo yalishikana vizuri zaidi: Inspekta alizificha kwa sababu mjane akienda jela, mpaka ungebaki bila mwenyewe na jamaa wa marehemu wangeumeza. Ukasema, "Hapo amefanya vizuri." Tena ukamwombea. Mwaitu, ulimwombea Harbin kwa jina, kabla ya chai.

Na miezi ikaenda. Mwende akiuliza, "Mama, daktari lini?" wewe ulisema, "Ya nini? Macho ninayo, Baba Wairimu ananionea." Mimi nilikuwa upande wangu wa pazia nikijisikia mtu mkubwa. Nilisema, tumalize kwanza huu msimu.

Aliyetuharibia, ama kutuokoa, ni Mama Shiro. Ilikuwa kwenye ushirika wa akina mama pale kwake, Alhamisi mchana. Wanawake walikuwa wakitoa mahitaji ya maombi, na wewe, kwa moyo safi, ukataja mjane wa kwenye televisheni anayeonewa mpaka. Mama Shiro alikuwa na televisheni yake. Ninaambiwa alishika mbavu.

"Mpaka gani, Mama Mwende? Hao ni wapenzi kitambo. Wanakulana mdomo kila Jumapili mchana kweupe."

Walicheka hadi chai ikamwagika. Ukarudi kwetu ukigusa ukuta, ukaketi. Nilikuwa nasahihisha vitabu vya wanafunzi.

"Baba Wairimu."

"Naam, Mwaitu."

"Kumbe mpaka ulikuwa unapimwa kwa mdomo."

Nikaendelea kusahihisha. Kuna maneno ambayo hata mwalimu wa Kiingereza hana. Hukusema lingine siku ile, wala ya pili. Siku ya tatu ukamwambia Mwende, "Nipeleke nikakatwe hili jicho. Nataka kujionea mwenyewe."

Ukakatwa la kulia, likaona. La kushoto likabaki giza hadi ulipotuacha. Na ulipotoka hospitali kitu cha kwanza ulichofanya ni kufungua pazia, ukalikunja, ukasema heshima haiko kwenye kitambaa, halafu ukanikagua kutoka juu hadi chini na kumwambia Mwende kwa Kikamba jambo lililomfanya atoke nje kucheka. Hadi leo hajanitafsiria.

Msimu wa tatu tuliutazama bila pazia, wewe kiti cha mbele, kichwa kimeinama upande wa jicho zima. Wakileta mdomo karibu, ulisema kwa sauti ya hakimu, "Haya, wanapima," na mimi nikatamani sakafu ipasuke. Wakamleta pacha wa marehemu kutoka ng'ambo. Ukasema, "Pacha? Hawa wamechoka." Uliona sawa. Nimeutazama tena na ni aibu: kila wakikosa la kusema wanaleta mtu mpya na ndevu. Mwishoni ulinigeukia ukasema, "Ile yako ilikuwa nzuri kuliko hii." Sijawahi kusifiwa hivyo na mkaguzi yeyote wa shule.

Wa nne haukuonyeshwa kwetu; waliweka mieleka. Kwa hivyo ulikufa bila kujua mwisho, na sasa nimekuambia: hakukosa kitu mtu aliyeukosa.

Sasa nimefika, Mwaitu.

Siku ya mazishi yako kule Matuu walinipa kipaza sauti, nikasimulia jinsi nilivyokubembeleza mwaka mzima ukubali kwenda kwa daktari. Watu walitikisa vichwa. Mchungaji akasema wakwe kama hawa wameadimika. Nikaketi nikiwa nimevimba. Ilikuwa uongo. Sikukubembeleza hata siku moja. Na Jumapili iliyopita, mchezo ulipoisha, Mwende akimsimulia Wairimu habari ya kupima mpaka na wote wawili wakifuta machozi ya kicheko, mtoto akaniuliza tu, bila ubaya, "Sasa Dad, kwa daktari, nani alikuwa anamtafsiria Cucu?" Nikasema, "Daktari alijua Kiswahili." Nikaenda jikoni kuongeza viazi ambavyo hakuna aliyeviomba.

Ilikuwa hivi. Siku ile ya kwanza Thika, daktari aliniambia jicho la kushoto linakufa. Alisema wazi: mrudishe ndani ya wiki mbili, kwa sababu likizimika, hakuna dawa duniani ya kuliwasha. Aliniuliza kama nimeelewa, nikasema yes. Wewe ulikuwa umeketi wima, mkoba mapajani, ukauliza, "Anasema nini?" Nikakutazama nikashindwa. Kwetu, na kwenu pia, habari mbaya ya mkwe hupelekwa na mtu wa kati. Si mdomo wa mwanamume aliyekuolea binti unaokuambia kwamba sehemu ya mwili wako inakufa. Nikasema, "Anasema ni uzee kidogo, tukipata nafasi turudi." Nilipanga nimwambie Mwende jioni, yeye akuambie. Jioni nikaona tayari nimekwisha sema lingine, nikamwambia Mwende lilelile. Kisha Jumapili ikafika, na nyingine, na ukaanza kuniambia habari za mikonge na za mzee, na mimi, ambaye mama yangu alikufa kabla sijajua kuongea naye, nikapenda kuwa macho ya mtu. Nilijua wiki mbili zimepita. Nilizijua zikipita. Ulipokataa kukatwa, ulikataa jambo ambalo sikuwa nimekuambia lote.

Na siku waliyokufungua bendeji, daktari aliangalia la kushoto kwa taa yake, akanigeukia akasema kwa Kiingereza kwamba aliniambia wiki mbili, na imekuwa nusu mwaka. Mwende alikuwa dirishani akilipa. Ulikuwa unanitazama kwa jicho jipya, mara yako ya kwanza kuona uso wangu kwa karibu, na ukauliza, "Anasema nini?"

Nikasema, "Anasema la kulia limepona vizuri sana."

Ukanitazama kitambo. Ukasema, "Mwambie asante."

Nikamwambia.

Leo jioni nitamwambia Mwende haya yote, kwa Kiswahili, tukiwa tumeketi. Lala salama, mama yangu. Ninakupenda, neno ambalo hatukuwahi kulisema kwa sababu ya nthoni, na nimelisema sasa kwa sababu huwezi kuona haya kwa niaba yangu.

Mkweo,
Baba Wairimu